Mbebaji Asiyeguna

"Kimya," alisema Nyamhanga, na Dk. Mwanaidi Singano akakata.

Ulikuwa uzi mwembamba kuliko unywele wa kichanga, mmoja tu kati ya nyuzi nyingi zilizosongamana ndani ya mguu wa kulia wa Matinde. Kisu cha mwanga kiliupitia bila hata kutoa moshi. Matinde mwenyewe, binti wa miaka minane, alikuwa amelala kifudifudi mezani, usingizi wa dawa umemkolea, mguu umefunguliwa kuanzia nyuma ya goti hadi karibu na kifundo. Baba yake, Nyamhanga, alilala chali kwenye kitanda cha pembeni, macho wazi. Mguu wake yeye ulikuwa mzima, ila chini ya goti palichomekwa kamba laini ya rangi ya maziwa, iliyovuka katikati ya vitanda viwili na kuzama kwenye mguu wa mtoto. Kamba hiyo ndiyo daraja.

Kabla ya daraja, mtoto mwenye vinundu vya mishipa ya fahamu alikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Ama unatoa uvimbe pamoja na mshipa, unamwachia mguu wa kuburuta maisha yake yote, ama unauacha mshipa pamoja na uvimbe, unakaa kusubiri siku utakapogeuka saratani. Maana vinundu hivi havikai kando ya mshipa, vinakaa ndani yake, kama njugu mawe zilizosukumizwa kwenye soksi, na nyuzi zinazopeleka habari zinapita humo humo katikati ya nyama mbaya. Mashine zilijaribiwa kuzitenganisha, zikashindwa. Nyuzi za uvimbe nazo hupiga kelele, na kwa mashine kelele ni kelele. Ubongo wa binadamu ndio pekee unaojua maumivu ni yapi na fujo ni ipi, na si ubongo wa kila mtu, ni wa ndugu wa damu. Mtoto mwenyewe huwezi kumwamsha ukamuuliza, akishtuka kidogo tu kisu kinakwenda kusikotakiwa. Basi ndugu analala pembeni na kumbebea. Daktari anagusa uzi mmoja mmoja kwa kijiti. Mbebaji akisikia maumivu anasema hai, uzi unaachwa. Asiposikia kitu anasema kimya, uzi unakatwa. Ukiisoma kwenye vitabu, kazi nyepesi kabisa.

Mwanaidi alikwisha kuwabebesha watu wengi daraja hilo, na wote walipiga kelele. Wapo waliomwita mama yao, wapo waliomtukana yeye mama yake. Alishamwona askari mzima akiomba ashikwe mkono. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, na kwao mtu akichomwa na mwiba mtaa mzima unapata habari, kwa hiyo kelele hizo hazikumsumbua hata kidogo. Zilimwongoza. Kilichomsumbua leo ni utulivu. Nyamhanga alikuwa akijibu kama mtu anayeulizwa kama amekwisha kunywa chai. Mara moja moja alisema hai, kwa sauti ya chini. Mara nyingi zaidi alisema kimya. Na vinundu vilikuwa vinatoka vizuri mno, vimejaa kwenye bakuli la chuma, na daktari aliyezoea kuhangaika akiona kazi inateleza namna hiyo lazima aingiwe na shaka.

Nyuma ya kioo walikaa mashahidi, maana hospitali ile ya juu ya mawe ya Mwanza haikuruhusu daraja bila ndugu kutazama. Alikuwapo Wegesa, mama wa mtoto, na kaka mkubwa wa Nyamhanga aitwaye Mogesi, jibaba lenye mabega mapana lililokuja na ndege ya asubuhi kutoka nyanda za Tarime. Mogesi alikuwa ameruhusiwa kusema neno moja moja kupitia kipaza sauti, na neno lake lilikuwa lile lile kila mara, akimwita mdogo wake kijana kwa lugha ya kwao.

"Kaza, mura."

Na mdogo wake alikaza.

Wakafika nyuma ya goti. Hapo ndipo palipokuwa na kinundu kikubwa kuliko vyote, na ndicho kilichowaleta haraka hivi, kwa sababu vipimo vilionyesha kimeanza kugeuka. Kilikuwa kimelikumbatia fungu la nyuzi zinazonyanyua na kuhisi unyayo mzima. Kosa la mkono hapo, Matinde hataisikia tena ardhi chini ya mguu wake. Na kukiacha hakuwezekani, kikibaki, mguu utakatwa kutoka nyongani kabla ugonjwa haujapanda kifuani. Mwanaidi alinyoosha mgongo, akamwomba Masunga apitishe mpigo wa kupima kabla hawajaingia humo.

Masunga ndiye fundi wa daraja, kijana Msukuma asiye na maneno mengi. Alipitisha mpigo, na ukutani ikawaka picha ya unyayo wa Matinde, rangi ya chungwa, yote inang'aa kuonyesha nyuzi zipo hai. Yote isipokuwa kidole cha mwisho. Kidole cha mwisho kilikuwa cheusi.

Masunga alirudia mpigo. Akarudia tena. Kidole kilibaki cheusi. Kuna uzi uliokuwa hai na umekatwa. Na uzi haukatwi mpaka mbebaji aseme kimya.

Alizunguka meza, akainama juu ya Nyamhanga. Uso ulikuwa mkavu, kope hazichezi, na hata moyo wake kwenye kioo cha mashine ya Masunga ulikuwa unakwenda taratibu kama wa mtu aliyepumzika kivulini. Lakini kwenye pembe ya mdomo palikuwa na kitu kimeganda. Alimwambia afungue mdomo. Nyamhanga akasita, kisha akafungua. Meno yote yalikuwa mekundu. Alikuwa ameutafuna ulimi na ndani ya mashavu yake mpaka nyama zimechanika, na damu yote alikuwa akiimeza.

Mwanaidi alirudi upande wa pili wa meza. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo hakujua aielekeze wapi. Ni yeye aliyewaeleza wazazi hawa jinsi daraja linavyofanya kazi. Aliwaeleza mara mbili, kwa Kiswahili safi, na baba alitikisa kichwa na kusema ameelewa. Alikuwa ameelewa nini?

Masunga alisogea karibu naye. Kamba, alinong'ona, inageuka rangi. Ilikuwa kweli, ile rangi ya maziwa ilikuwa imeanza kuwa njano kwenye ncha ya upande wa mtoto. Mwili wa mtoto ulikwisha kuanza kulikataa daraja, na mwili ukilikataa mara moja haulipokei tena milele. Hakuna kusema tufunge leo turudi wiki ijayo. Halafu Masunga akasema la pili, akiwa ameinamisha macho. Kipimo cha maumivu yanayopita kwenye daraja kiko tano. Tukipeleka saba, mtu huyu atalia atake asitake, awe jiwe awe chuma. Haina haja ya kumwambia. Atadhani tumefika tu kwenye mshipa mkubwa.

Kitasa cha kipimo kilikuwa pale pale, karibu na mkono wa kushoto wa Mwanaidi. Sheria ilikuwa wazi: juu ya tano hapapandwi mpaka mbebaji mwenyewe akubali kwa kinywa chake, muda ule ule, kwa sababu juu ya tano maumivu yanaweza kugoma kurudi yalikotoka. Yanabaki kwenye mguu mzima wa aliyebeba. Mwanaidi alimfahamu mwanamke mmoja aliyembebea mwanawe kwa saba, na mpaka leo hawezi kuvaa kiatu.

Aliweka vidole juu ya kitasa, na ukweli usemwe, alivikaza. Akimwambia mtu huyu sasa hivi kuwa kimya chake kimeua kidole cha binti yake, atafanya nini? Anaweza kuruka kitandani na kuing'oa kamba, na mguu wa mtoto ukaishia hapo. Anaweza kuvunjika moyo asiseme tena lolote. Lakini akipandisha kimyakimya, mtoto huenda akapona, baba akarudi kwao na mguu unaowaka moto asiojua umetoka wapi, na yeye Mwanaidi atampa mkono mlangoni na kumwambia hongera. Mtu aliyekuja kwa hiari yake atakuwa amegeuzwa chombo, kama kijiti, kama kisu. Na tangu lini daktari anaficha jambo ili mgonjwa asifiche jambo? Alikiachia kitasa kwa shida, kama anayeachia mkono wa mtu kwenye umati.

Alimwomba Masunga azime kipaza sauti cha mashahidi, kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa cha Nyamhanga.

"Baba Matinde, kidole kidogo cha mtoto kimekufa. Tumekata uzi uliokuwa hai, na tumeukata kwa sababu wewe ulisema kimya."

Nyamhanga hakuruka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kope zake zilicheza.

Alipoanza kusema alisema polepole, maana ulimi ulikuwa umevimba. Alisema aliambiwa kwamba uzi ulio hai unaachwa, na kila unaoachwa unaachwa na nyama mbaya iliyoushika. Basi yeye akajipigia hesabu zake. Kila akisema hai, ugonjwa unabaki kidogo mwilini mwa mwanawe. Akaona, huu naweza kuubeba, na huu pia, acha waukate waondoke na ugonjwa wote. Alisema hai pale tu alipoona pumzi inakatika. Kwao, alisema, siku ya jando mtu anasimama mbele ya ukoo mzima, na akipepesa jicho anakuwa ameiangusha nyumba yake, lakini akisimama imara kila kitu kinapona, kidonda kinapona, jina linapona. Hakujua kwamba kuna mahali duniani ambapo kuvumilia kunaharibu.

"Nilidhani namnunulia afya," alisema. "Kumbe nilikuwa namkata mimi mwenyewe."

Mwanaidi alimwambia kosa si lake peke yake. Yeye aliyeeleza alieleza kama kila mtu anavyojua kusema aa, inauma, hakufikiri kwamba wapo watu waliolelewa wasiseme. Hata mtoto huyu, alikumbuka, aliletwa akiwa amechelewa mno, kwa sababu alikuwa akicheza na kufagia uwanja na vinundu vyote hivyo mguuni bila kumwambia mtu, akimwiga baba yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila wahenga hawakufika kwa kina Nyamhanga. Alimeza maneno hayo, hayakuwa ya kusema pale. Alimwambia tu kwamba kuanzia sasa kila anachokisikia, hata kama ni kidogo kama mchanga kwenye kiatu, aseme hai.

Akarudi mezani, akachukua kijiti, akagusa uzi wa kwanza wa lile fungu kubwa.

Akaugusa tena.

"Dokta," alisema Nyamhanga, na sasa sauti ilikuwa ya mtu mwenye hofu. "Sisikii kitu."

Akagusa wa pili, uliokaa wazi kabisa, ambao hata mwanafunzi angeapa kuwa ni hai. Nyamhanga alitikisa kichwa. Akagusa wa tatu. Mtu huyu alikuwa sasa anajitahidi, mshipa wa shingo umesimama, anatafuta maumivu kama mtu anayepapasa ufunguo gizani, na hayaoni. Alisema ameyafunga. Tangu ujana alifundishwa kuyafunga, na mara nyingi tu amefanya hivyo, amevunjika mkono akaendelea kuswaga ng'ombe. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha kuyafungua.

Masunga alitazama kamba. Njano ilikuwa imefika katikati.

Mwanaidi alimweleza basi habari ya kipimo, yote, bila kupunguza. Akamweleza habari ya yule mwanamke asiyevaa kiatu. Alimwambia kwamba akikataa hakuna atakayemlaumu, na alipokuwa akisema hivyo alijua anasema kweli na wakati huo huo anaomba Mungu mtu huyu asikatae.

"Wangu umekwisha kutembea," alisema Nyamhanga. "Wake bado. Pandisha."

"Utalia. Kaka yako yupo pale."

Nyamhanga aligeuza shingo kuelekea kwenye kioo. Mogesi alikuwa amesimama, mikono nyuma, hajui kinachosemwa, anamtikisia kichwa cha kumtia moyo. Walitazamana hivyo, ndugu wawili wa tumbo moja. Kisha Nyamhanga akamgeukia daktari na kumwambia asikae na kumwonea huruma, ampandishie.

Saba. Kijiti kikagusa.

Sauti iliyotoka haikuwa neno. Ilianzia chini sana, mahali ilipokuwa imefungiwa tangu jando na labda kabla ya jando, na ilipotoka ilijaza chumba hata Masunga akashika meza. Chombo cha dawa kilitikisika kwenye kibao chake. Nyuma ya kioo, ambako kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, ilipenya hata hivyo. Wegesa alijifunika mdomo kwa kanga. Mogesi alibaki amesimama vile vile kidogo, kisha akageuka taratibu, akaipa mgongo ile aibu ya kuona mdogo wake akilia, akatoka nje.

"Hai," alisema Mwanaidi mwenyewe, na akauacha uzi. Akagusa unaofuata. Kilio tena. Hai. Unaofuata, na hapo Nyamhanga alihema tu, macho yamemtoka, akasema kimya, kimya, huo hauna kitu, wallahi huo hauna kitu. Akakata. Wakaenda hivyo, uzi baada ya uzi, huyu akilia na huyu akisikiliza kilio chake kama mtu anayeongozwa njia kwenye ukungu. Machozi yalikuwa yakimtiririka Nyamhanga mpaka masikioni. Katikati aliita mama yake. Aliomba waache, kisha kabla hawajaacha akawaapisha wasiache. Mwanaidi naye alikuwa akilia ndani ya barakoa yake, mikono yake ikiwa mikavu na imara, maana mikono yake ndiyo iliyokuwa na kazi ya kukaza.

Kile kinundu kilitoka kizima, kikubwa kama kitunguu, wakati njano imebakiza upana wa kidole kufika kwa baba. Masunga alikata kamba. Nyamhanga aliendelea kulia ingawa hapakuwa tena na kitu kinachomgusa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

*

Kesho yake jua lilikuwa limeingia wodini na kulala kwenye shuka la Matinde. Wote walikuwapo. Wegesa alikaa kitandani akimsuka mtoto nywele za mbele kwa vidole tu ili mikono ipate la kufanya. Mogesi alikuwa amerudi, hakuna aliyejua alilala wapi, akasimama dirishani akitazama ziwa kana kwamba amelilipia. Hakuwa amemwambia mdogo wake neno. Nyamhanga alifika wa mwisho. Alitembea kwa kuegemea ukuta, mguu wake wa kulia akiukanyaga kwa ncha, kwa sababu unyayo ulikuwa ukiwaka, na Mwanaidi aliyemfuata nyuma hakumdanganya kwamba utapoa.

Daktari aliwaeleza ya kidole. Aliwaeleza pia kwamba ile picha ya unyayo ya jana si kitu cha kuapia. Nyuzi zilizookolewa zilikuwa zimetikiswa sana, na zipo zinazozimika usiku ule ule bila sababu. Kama unyayo umebaki hai, ni mtoto tu atakayejua. Alimgusa Matinde chini ya mguu kwa ncha ya kalamu na kumuuliza kama anasikia kitu.

Matinde alitazama dari. Akasema hauumi.

Alikuwa amesema vile vile miezi yote iliyopita, kwa sauti ile ile, na chumba kizima kilijua kwamba jibu hilo halina maana yoyote. Mwanaidi aligusa tena, akakandamiza. Mtoto alitulia tuli, kope hazichezi.

Kisha Matinde akamgeukia mama yake na kuuliza jambo lililokuwa likimkera tangu alipozinduka. Alisema usingizini alisikia mtu analia. Analia sana, kama watoto wadogo wanavyolia. Alikuwa nani huyo?

Wegesa alitazama shuka. Dirishani, mabega ya Mogesi yalikakamaa.

"Mimi," alisema Nyamhanga.

Mtoto alicheka kidogo, akadhani anataniwa. Aliona hakuna mwenzake anayecheka. Alimtazama baba yake, akauona mdomo uliovimba, akauona mguu uliosimamia ncha.

"Wewe, baba?"

"Mimi mwenyewe. Nililia mpaka baba yako mkubwa akatoka nje. Ilikuwa inauma, mwanangu, ndiyo maana nililia."

Kidevu cha Matinde kilianza kutetemeka, akajaribu kukizuia kwa meno kama alivyokuwa akifanya siku zote. Nyamhanga alichechemea hadi kitandani, akamwekea kidole gumba juu ya mdomo wa chini na kuuachanisha na meno, taratibu. Hapo mtoto akapasuka. Alilia kwa sauti, akasema unauma, baba, unyayo unauma, hapa katikati unaniuma, na kidole gumba nacho, na kisigino, unaniuma wote.

Mwanaidi alikaa chini kwenye kiti cha wageni. Mogesi alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Alikohoa, akaanza kusema kaza, neno likamfia kinywani.

"Lia, mwanangu," alisema Nyamhanga. "Lia kwa nguvu, dokta asikie ni wapi."